Macho Mekundu Mbele ya Mjukuu

Jumamosi, tarehe mosi Novemba. Asubuhi kulikuwa na sakitu juu ya magari yote kule chini, na majani yaliyoanguka yalikuwa yameganda kama yamenyunyiziwa chumvi. Upepo hakuna. Mbingu rangi ya sufuria kuukuu.

Watu wa huku hawaipendi sakitu ya kwanza. Mimi niliingoja tangu Agosti, kwa sababu ndiyo inayoua magugu ya kando ya barabara, na chavua ya magugu hayo ndiyo iliyomalizia macho yangu baada ya miti kuanza kazi.

Naandika sasa kwa kuwa yamepoa. Juzi dada mmoja Mkenya wa ghorofa ya chini aliniuliza kwenye lifti nilitumia dawa gani, maana naye anajikuna mpaka kope zinapukutika. Nikamtajia, lifti ikafunguka, akashuka. Nikabaki nafikiri sikumwambia lililo kubwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na sina hakika kama haya yatamfaa mtu. Nitayaweka kama yalivyokuwa, nisimwonee yeyote. Nikimwonea, ni kwa kusahau.

Nilikuja Toronto kwa mwanangu Masanja. Tunaishi hapa Crescent Town, yeye, mkewe Neema na mimi. Nilifika wakati wa theluji na macho hayakuwa na neno. Theluji ilipoyeyuka na miti ikatoa vishada vyake vya njano, ndipo kuwasha kulipoanza. Si kuwasha kwa kuumwa na mdudu. Kunawasha kwa ndani, kwenye pembe ya karibu na pua, unakuna unapata raha kidogo, halafu kunarudi na ndugu zake. Asubuhi kope zimevimba. Kazini naosha vyombo katika nyumba ya kutunzia wazee, na msimamizi wangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama. Alidhani napigwa. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka, maana aliuliza kwa wema.

Mwaka ule wa kwanza nilinawa kwa chai baridi nikanyamaza, ikapita. Mwaka huu isingepita, kwa sababu Neema alikuwa mjamzito na mama yake alikuwa anakuja kutoka Shinyanga kumlea mzazi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana asiyelijua hatanielewa. Sisi ni Wasukuma. Zamani, na mahali pengine hata leo, bibi mwenye macho mekundu ana kesi isiyo na mahakama. Wanasema ni mchawi. Bibi zetu walipikia samadi kavu kwa kukosa kuni, moshi wake ukawaunguza macho miaka na miaka, kisha wakahukumiwa kwa moshi huo. Nisiseme wote wa kwetu wanaamini. Wengi wanacheka. Lakini hata anayecheka, akiwa na mtoto mchanga mkononi, hucheka huku amegeuka upande.

Mama Neema alifika mwishoni mwa Machi na masanduku mawili, michembe ya viazi vitamu vikavu, karanga na kicheko kikubwa. Tulikumbatiana. Halafu akaniona vizuri chini ya taa ya jikoni.

"Mkwe, umelia?"

"Sijalia, mkwe. Ni miti ya huku, inatoa vumbi."

"Kumbe miti ya huku ina moshi?"

Neema akacheka. Mimi pia. Lakini kesho yake nilipotoka kazini nilipita dukani pale plaza, nikachukua kichupa chenye picha ya jicho jeupe kama yai. Sikuulizia dawa ya kuwasha. Nilitaka dawa ya wekundu. Naomba anayesoma aishike tofauti hiyo, kwa sababu mimi sikuijua, na imenila miezi.

Dawa ile ilikuwa ajabu. Unatia tone, unahesabu pumzi chache, jicho linakuwa la msichana. Nilitia kabla ya kazi, kabla ya kanisa, kabla ya kukaa sebuleni na Mama Neema. Kuwasha kuko palepale, lakini nani anaona kuwasha?

Mtoto alizaliwa Aprili, wa kike, wakamwita Limi. Siku alipoletwa nyumbani nilinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, nikakaa kwenye kochi, nikatandaza kanga mapajani. Mama Neema akapita naye mbele yangu.

"Amelala, mkwe."

Siku iliyofuata alikuwa ananyonya. Iliyofuata, "Wewe pumzika, umetoka kazini." Kila siku sababu yake, na kila sababu nzuri kabisa, huwezi kuigombeza. Nikawa natandaza kanga na kuikunja.

Kisha jioni moja nilikuwa bafuni, nikafunga bomba ghafla, nikamsikia anamwambia bintiye kwa Kisukuma, taratibu, bila ubaya katika sauti: "Usimpe mtoto mtu mwenye macho yale."

Neema alijibu, "Mama, acha hayo." Nakiri kwamba alijibu. Lakini hakusema nipewe.

Nikaongeza matone. Mwanzo tone la asubuhi lilinifikisha jioni. Baadaye halikunifikisha hata kwenye treni. Yakiisha nguvu, wekundu unarudi na deni, mishipa imejaa kama ramani ya mito. Nilipojitazama kwenye kioo cha kazini nilimwona bibi yangu mzaa mama, Minza. Nikajiuliza swali ambalo naona haya kuliandika: je, kama wana haki? Je, kama mtu anaweza kuwa na kitu ndani yake na mwenyewe asijue? Nilikuwa nasali na rozari huku nawaza hivyo.

Kichupa cha tatu au cha nne kilipokaribia kuisha nilikwenda kwenye duka la dawa kubwa, kule Scarborough. Mfamasia alikuwa mama wa Kihindi. Alipoona kanga yangu akanisalimia kwa Kiswahili; wazazi wake walikuwa wa Tabora, na yeye anaishi Unionville na watu wake. Kiswahili chake kilikuwa cha utotoni, kinachechemea kidogo lakini kinafika.

"Hii unatia mara ngapi, mama?"

"Nikiona wekundu."

"Na wekundu unauona lini?"

"Muda wote."

Akaweka kichupa changu mezani. "Hii inabana mishipa tu. Nguvu ikiisha, mishipa inavimba kuliko kwanza. Wewe unatibu rangi. Ugonjwa wako ni kuwasha."

Akanipa kichupa kingine, cha matone ya aleji. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, kila siku ya msimu, si siku ya kuwasha tu. Akasema niache yale ya kwanza kabisa, na nisikune, niweke kitambaa cha maji baridi. "Ila ujue, ukiacha utakuwa mwekundu zaidi kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Siku kadhaa. Labda wiki, labda zaidi. Kila mtu na jicho lake."

"Hakuna njia ya kuacha bila kuonekana?"

Alicheka, akaona mimi sicheki. Kisha akaniambia jambo la mwisho kwa kunyanyua kidole: jicho likiuma, mwanga ukichoma, ukitoka usaha au ukiona ukungu, hiyo si aleji tena, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Kutia dawa vizuri ni kazi ya kujifunza. Tone langu la kwanza maishani, la kile kichupa cha plaza, liliingia sikioni. Sasa najua: nanawa mikono, nainamisha kichwa nyuma, navuta kope ya chini mpaka iwe kama kimfuko, natazama juu, nadondosha. Mdomo wa kichupa usiguse jicho wala kope. Kisha nafumba taratibu bila kubana, naweka kidole penye pembe ya pua kidogo ili dawa isikimbilie kooni. Inachoma kidogo halafu inatulia. Kichupa nakiandika siku niliyokifungua, kwa sababu kikikaa wazi muda mrefu hakifai.

Nikaacha yale ya kung'arisha. Na kweli, nikawa mwekundu kama pilipili. Mei yote nilitembea ndani ya nyumba nimeinama kama natafuta sindano sakafuni. Nilimweleza Masanja.

"Mama, vumilia tu. Mama Neema atarudi nyumbani Agosti."

Alisema akiwa anavaa viatu vya kazi. Simlaumu, mwanamume kati ya mama na mkwe hana pa kuweka mguu. Ila neno "vumilia" lilinikaa kifuani.

Halafu Neema naye akaanza kuwashwa. Jioni moja akanijia, mtoto begani, akasema, "Mama, nipe tone moja la dawa yako."

Kwetu huwezi kuwa na dawa na mgonjwa akakaa mbele yako usimpe. Nimekua nikiona chupa moja ya matone ikizunguka nyumba nzima, kutoka jicho la babu mpaka la mtoto. Lakini mfamasia alikuwa ameniambia kichupa ni cha mtu mmoja, uchafu wa jicho moja huingia jingine. Na Neema ananyonyesha, sikujua kama dawa hii inamfaa.

"Mwanangu, hii haiazimwi. Twende kesho ukaulize, upate yako."

Mama Neema alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuinua kichwa. "Anayemnyima mkwewe tone la dawa, ana nini moyoni?"

Hata sasa sijui ningemjibu nini. Nilikuwa na haki kwa Neema, na nikaonekana mbaya kwa haki hiyohiyo. Kesho yake Neema alikwenda mwenyewe, akaulizia, akapewa yake. Hakuniambia lolote baya. Hakuniambia lolote.

Juni jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Jumuiya ni sisi familia chache tunaosali pamoja kwa zamu majumbani. Macho yalikuwa yameanza kupoa, mfamasia alikuwa na haki, lakini bado yalikuwa na rangi. Nilikuwa nimebakiza kichupa kimoja cha kung'arisha kwenye mkoba. Nikatia matone. Nilitaka siku moja tu, mbele ya watu, nionekane kama bibi wa mtoto.

Yakawa meupe. Mama mmoja wa Kigoma, aliyekuwa amembeba Limi na hakujua habari zetu, alitaka kusimama kwa wimbo. Akaniwekea mtoto mapajani hivihivi, kama mtu anayekupa kitabu umshikie. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Alinukia maziwa na mafuta ya nazi. Wimbo ukaisha, tukaanza Baba Yetu, na tulipofika "utupe leo", Mama Neema akavuka chumba. Alimchukua kama mtu anayetoa sufuria motoni. Watu wakaendelea kusali, na mimi niliendelea pia, mikono yangu ikiwa bado imekaa vilevile, na hakuna kitu juu yake.

Jioni ile jicho la kulia likaanza kuuma, na taa ikawa inachoma. Nilikumbuka kidole cha mfamasia. Masanja alinipeleka kliniki ya macho.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Pembeni yangu aliketi mzee mmoja na bintiye, wamekaa wameshikana mikono. Masanja alikuwa anatazama simu. Baada ya muda mrefu akasema bila kuinua macho, "Nilipaswa kumwambia palepale."

"Nani?"

"Mama Neema. Pale kwenye sala. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ungesema nini?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana sikusema."

Daktari alikunja kope yangu juu kwa kijiti cha pamba, akaweka rangi ya manjano, akatazama kwa taa ya bluu. Nilikuwa nimejikwaruza kwa kukuna. Akanipa dawa ya kidonda kwa siku chache, akasema nirudi aone kimepona ndipo nianze tena ya aleji, na nisiguse ile ya kung'arisha tena. Masanja akauliza kama ninaambukiza. Daktari akasema kuwasha huku ni mzio, hauruki kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Masanja alilifikisha neno hilo nyumbani kabla hajavua viatu. Alilisema kwa sauti, sebuleni, amesimama. Nilimpenda sana wakati ule.

Mama Neema alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja jikoni nilipokuwa nachemsha maji, akafunga mlango.

"Mkwe, nisikilize. Kabla ya Neema nilikuwa na mtoto wa kiume. Shangazi wa mume wangu alikuja kumwona. Macho yake yalikuwa hivyo. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Wiki haikuisha."

Nilikuwa sijui. Hata Masanja hakujua.

"Daktari anajua macho," akasema. "Mimi najua nilichozika."

Nikamuuliza, "Yule shangazi alikwenda wapi?"

Birika likaanza kuvuma. "Walimfukuza."

"Bibi yangu walimchomea nyumba," nikamwambia. "Mtoto wa jirani alikufa. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi, niliuona moshi kutoka mbali. Akahamia kwa mjomba, na tangu hapo hakumtazama mtu usoni mpaka anakufa. Alikuwa akiongea na wewe anatazama miguu yako."

Mama Neema alizima jiko, kwa sababu mimi nilisahau. Hakuniambia pole ya bibi yangu. Na mimi sikumwambia pole ya mtoto wake. Nilikuja kulikumbuka hilo nikiwa kazini, nimeshika masinia ya watu, na linanisumbua hata leo. Yule mama hakuwa mkatili. Alikuwa anamlinda mjukuu kwa silaha aliyopewa. Na tuseme haki yote: kabla ya daktari hakuna aliyejua kama naambukiza. Mtoto mchanga huwekwa mbali na jicho bovu hata katika nyumba isiyo na hofu yoyote.

Lakini hakunipa mtoto. Julai nzima, Agosti nzima. Macho yalikuwa yametulia, dawa asubuhi na jioni, miwani ya jua kila nikitoka, nywele nazifunga kitambaa nisilete chavua kwenye mto. Nilikuwa na macho mazuri na mapaja matupu.

Mwisho wa Agosti tulimsindikiza uwanja wa ndege. Kwenye foleni alinikumbatia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama machoni kwa muda. Tangu Machi hakuwahi kunitazama hivyo.

"Mkwe, ile dawa yako usiiache," akasema. Akaenda.

Sijui aliniambia nini pale. Nimeligeuza neno lile mara nyingi. Wakati mwingine naliona pole, wakati mwingine naliona onyo.

Jioni ileile Neema alinipa Limi, yeye mwenyewe, macho yake yamelowa. "Mama, nisamehe. Sikuyaamini. Lakini ni mama yangu." Nikampokea mtoto. Akanitazama mara moja, akalia kwa nguvu zake zote, akamnyooshea mama yake mikono.

Nilipaswa kulijua hilo. Nilikuwa nimepigania ruhusa ya wakubwa, nikasahau kwamba mtoto naye ana ruhusa yake. Miezi ile ya kwanza, mtoto anapojifunza harufu za watu wake, mimi sikuwemo. Harufu ya bibi aliyemzoea imepanda ndege. Nilisikia uchungu ambao hauna mtu wa kumbebesha.

Septemba magugu yakachanua, kuwasha kukarudi, hafifu kwa sababu ya dawa. Kila siku nilimbeba Limi kidogo, analia, namrudisha. Neema alisema, "Atazoea." Oktoba ilikuwa hivyohivyo. Nikimwimbia analia, nikinyamaza analia. Siku moja alilia mpaka akatapika, na Neema akasema labda tumwache kwanza, nami nikakubali haraka mno, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopwa.

Leo Masanja alikuwa kazini, na Neema alikuwa na mafunzo ya siku nzima. Hakukuwa na mtu mwingine. Akaniachia, akatoka kwa kunyata, Limi akaona mlango umefungwa.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Sikumwimbia. Nilitembea naye tu, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikimweleza vitu vya kijinga: hili ni friji, lile ni basi, ile nyeupe ni sakitu. Mchana alikunywa maziwa akiwa amenigeuzia kisogo. Alasiri alilia tena kidogo, kwa kukumbuka. Neema aliporudi, tulikuwa kwenye kochi, mtoto amelala juu ya mkono wangu wa kulia, mdomo wazi, mate yamelowesha kanga. Neema alitaka kumchukua. Nikatikisa kichwa.

Jioni tumekula ugali wa dona, mlenda na dagaa wa kukaanga. Wenzangu walikula ukiwa na moto. Wangu ulipoa, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na kazi.